Sura ya Saba: Kompyuta Kongwe Inapokataa Kuwaka

Kindu, kompyuta ya mezani haitupwi ovyo. Mashini iliyotoka kiwandani mwaka 2004 au 2008, ikatumika katika ofisi za Ulaya au Marekani, ikauzwa mtumba na kusafirishwa hadi ukingo wa mto Lualaba, bado inaandika barua za maombi ya kazi, tasnifu za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu, orodha za wabatizwa wa parokia na alama za wanafunzi wa komuni za Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Siku inapokataa kuwaka, kilichokwama ndani yake ni kazi ya mtu: tasnifu inayopaswa kutetewa, au orodha ya malipo inayosubiriwa na walimu.

Na kipuri hakiko jirani. Kindu ni mwisho wa reli inayotoka Lubumbashi kupitia Kamina, Kabalo na Kongolo. Kutoka bandarini, mashua hushuka mto zaidi ya kilomita 300 hadi Ubundu, na huko mzigo huhamia tena kwenye reli ya kilomita 125 kwenda Kisangani, kwa sababu maporomoko yanaziba njia ya maji. Kinachokosekana sokoni huja kwa ndege kutoka Kinshasa, kwa bei ya ndege, au kwa treni, kwa subira ya treni. Fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, akibahatisha akakosea, anavuka barabara na kuchukua kipuri kingine. Hapa kubahatisha kunaweza kumgharimu mteja mwezi mzima. Kwa hiyo kila ninachoeleza katika sura hii kinafuata amri moja: pima kwanza, nunua baadaye.

Njia ya kupima ni kuufuata umeme. Mfanyabiashara anayengoja mzigo kutoka Lubumbashi hashindi kituoni Kindu akiitazama reli tupu. Anauliza kama behewa limetoka Kamina, kama limepita Kabalo, kama limefika Kongolo. Nasi tutauliza hivyo hivyo: umeme umetoka ukutani? Umepita kwenye pawa saplai? Umefika kwenye madabodi, yaani ubao mkuu? Prosesa na ramu zimeamka? Diski imesomeka? Pale jibu linapokuwa hapana, hapo ndipo pa kufanyia kazi, na vilivyo mbele yake viache kwanza.

Anza na mwenye mashini

Watu wengi huleta kompyuta kwa fundi wakiwa na neno moja tu: imekufa. Usilipokee hivyo.

“Papa, mashini imekufa.”

“Pole, mama. Imekufa namna gani? Ukibonyeza, kuna taa? Kuna feni inayozunguka?”

“Feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi.”

“Na siku ya mwisho ilipofanya kazi, kulitokea nini?”

“Umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu. Tangu hapo, hapana.”

Mazungumzo hayo mafupi yamekwisha kuondoa nusu ya kazi. Mashini isiyoonyesha dalili yoyote ina shida ya umeme au ya swichi. Inayozungusha feni sekunde moja kisha ikazima, mara nyingi ina kitu kilichogusana vibaya ndani, na pawa saplai inajilinda. Inayozungusha feni bila picha, tazama ramu, kapasita, kadi ya picha. Inayoonyesha maandishi kisha ikasimama imeshaamka, na shida yake iko kwenye diski, betri au mfumo. Andika majibu kwenye karatasi. Uliza pia kama mashini imehamishwa hivi karibuni, kwa sababu safari ya pikipiki juu ya barabara mbovu huilegeza ramu kwenye nafasi yake bila kuharibu chochote.

Umeme, kutoka ukutani hadi ndani

Kompyuta inatarajia volti 220 au karibu na hapo. Kwenye jenereta ndogo inayobeba friji, taa na mashine ya fotokopi kwa pamoja, volti hupanda na kushuka kila mzigo unapobadilika. Chukua mita, iweke kwenye AC, pima kwenye tundu lile lile ambalo kompyuta huchomekwa, huku vifaa vingine vikiwa vinafanya kazi. Ukikuta 170, usiifungue kompyuta. Shida iko nje. Kagua ekstensheni. Tundu lililolegea, lenye weusi wa kuungua, hutoa umeme wa kukatikakatika ambao taa inauvumilia na kompyuta inaukataa.

Wanaotumia sola wana jambo lao. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai, hasa zile zenye saketi ya kurekebisha kipengele cha nguvu, hukataa kuwaka juu yake au huzima ghafla. Kompyuta inayokubali jenereta na kukataa inveta ni nzima. Msimpelekee fundi, badilisheni inveta.

Sasa geuza mashini utazame nyuma yake. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kompyuta iliyotumika Marekani huja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wa Kongo, utasikia mlipuko, na harufu itakuambia yaliyobaki. Mashini nzima nyingi zimeuawa namna hii siku ile ile zilipotolewa kwenye sanduku. Swichi hiyo ielekezwe 230 kabla waya haujaguswa, kisha ifunikwe kwa plasta ili mtoto au mfagiaji asiirudishe. Pawa saplai isiyo na swichi na iliyoandikwa 100–240 hujirekebisha yenyewe.

Tuseme ukutani pazuri, waya ni mzima, na bado kimya. Chomoa umeme, fungua ubavu wa sanduku, gusa chuma cha sanduku kwa mkono ili umeme tuli wa mwili wako uondoke. Unyevu wa jimbo letu la Maniema hupunguza umeme tuli kuliko nchi kavu, lakini huleta kutu kwenye pini, na mende na sisimizi hupenda joto la ndani. Safisha kwa brashi laini. Kisha rudisha umeme: madabodi nyingi zina taa ndogo ya kijani inayowaka hata kabla ya kubonyeza swichi. Taa hiyo huthibitisha kwamba volti 5 za kusubiri, zinazopita kwenye waya wa zambarau, zimefika. Kama ipo na kubonyeza hakuleti kitu, shuku swichi yenyewe. Chomoa waya wake mwembamba kwenye madabodi, tafuta pini mbili za kuwashia, ziguse kwa ncha ya bisibisi mara moja. Ikiwaka, swichi ndiyo iliyokufa, na swichi ya kengele ya mlango inatosha kuiponya kompyuta.

Kama hakuna taa, jaribu pawa saplai peke yake. Chomoa waya zake zote kwenye madabodi na diski, uiachie mzigo mdogo kama kisoma-CD cha zamani. Kwenye plagi kubwa ya pini 20 au 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha washa. Feni ikizunguka, pima: njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Usisahau waya wa kijivu. Huo hauendeshi chochote. Hupeleka habari kwamba volti zimetulia, na bila habari hiyo madabodi haitaruhusu prosesa ianze. Wengi hupima njano na nyekundu, wakaridhika, kisha wakanunua madabodi bure.

Maonyo mawili ya usalama, na ninayatilia mkazo. Usilifungue sanduku la pawa saplai kama hukufundishwa: kapasita kubwa za ndani hubeba zaidi ya volti 300 na hubaki nazo hata waya ukiwa umechomolewa. Na ukiwa na Dell ya mwishoni mwa miaka ya 1990, usiibadilishie pawa saplai ya kawaida kwa kuona tu kwamba plagi inaingia. Kampuni hiyo ilipanga nyaya kwa mpangilio wake yenyewe, na madabodi itaungua.

Kapasita zilizovimba, na bati la Kalima

Hapa ndipo mashini nyingi za kizazi kile zinapougulia. Tazama karibu na prosesa: utaona vimikebe vidogo vilivyosimama, vyenye alama ya msalaba au herufi K juu yake. Juu panapaswa kuwa tambarare kabisa. Palipoinuka, au palipochuruzika maji ya kahawia yaliyokauka, kapasita imekufa. Dalili yake wanaijua hata wasiojua jina lake: kompyuta inayowaka baada ya kubonyezwa mara nyingi asubuhi, kisha ikafanya kazi vizuri mchana kutwa ikishapata joto, mpaka siku moja ikagoma moja kwa moja.

Ugonjwa huo ulienea duniani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, viwanda kadhaa vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu. Dell ndiyo iliyojulikana zaidi, kwa sababu ya mashini zake za OptiPlex, hasa GX270. Nyaraka za kesi nchini Marekani zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 kampuni hiyo ilisafirisha kompyuta zipatazo milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika, na mwaka 2005 ilitenga dola milioni 300 za kuzitengeneza. Zilizookoka ziliishia kwenye soko la mtumba, na soko la mtumba lina miguu mirefu. Joto nalo huongeza kasi ya kufa: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita karibu nusu. Chumba chenye paa la bati, bila dirisha, saa nane mchana, kinafanya kazi hiyo kwa bidii.

Kapasita hubadilishwa. Soma kilichoandikwa ubavuni: kwa mfano 1000 µF, 6.3 V. Mpya iwe na µF zile zile, volti zile zile au zaidi, na iwe ya kustahimili nyuzi 105. Mstari wa upande hasi ufuate alama ya ubao, ukiigeuza italipuka. Zinapatikana bila kununua, kwenye madabodi nyingine iliyokwisha kufa kwa sababu tofauti, alimradi juu yake ni tambarare.

Kung'oa ndiyo kazi, na hapa umri wa mashini unasema. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku risasi katika vifaa vya namna hii. Lehemu ya zamani, mchanganyiko wa bati na risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile iliyochukua nafasi yake ina zaidi ya asilimia 96 ya bati, pamoja na fedha na shaba kidogo, nayo huyeyuka karibu nyuzi 217. Chombo cha kulehemia kinachotosha kwa mashini ya 2003 hushindwa kwa ya 2009, na anayelazimisha hung'oa njia za shaba za ubao. Ongeza kwanza tone la lehemu ya zamani juu ya ile mpya. Vikichanganyika, kiwango cha kuyeyuka hushuka na mguu wa kapasita hutoka bila kuvutwa.

Na hilo bati ni neno la nyumbani. Kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilichimba kasiterite Kalima na sehemu nyingine za Maniema. Mwaka 1976 machimbo hayo yakaingia mikononi mwa kampuni ya SOMINKI. Leo wachimbaji wadogo bado wanashuka kwenye mashimo na sururu zao. Kasiterite ndiyo mama wa bati, na bila bati hakuna madabodi hata moja inayoshikamana. Koltani nayo, inayotoka mashariki mwa nchi yetu, ndimo inamotolewa tantali ya kapasita zile ndogo za manjano au nyeusi zilizolala kwenye ubao. Nasema hivi kwa uchungu: kijana wa Kindu anayeng'oa kapasita kwenye mashini mfu ili aponye nyingine anashika mkononi madini ya jimbo lake, yaliyozunguka dunia na kurudi kama mtumba. Anastahili kufundishwa kazi hii vizuri, darasani, na vifaa vizima.

Mashini inazunguka, kioo cheusi

Kabla ya yote, hakikisha kioo chenyewe kiko hai na waya wake umeingia kwenye tundu linalotumika. Kompyuta ikiwa na kadi ya picha ya kuongezwa, tundu la madabodi mara nyingi huwa limefungwa.

Kisha punguza. Chomoa diski, kisoma-CD, kadi zote, kibodi, kila kitu cha USB. Bakiza madabodi, prosesa na feni yake, na kipande kimoja cha ramu. Katika maduka ya fotokopi usisahau matundu ya USB ya mbele. Wateja huchomeka fleshi siku nzima, wengine kwa nguvu na kichwa chini, hadi vipini vya ndani vinapinda na kugusa chuma. Tundu moja lililopinda linatosha kuizuia mashini nzima isiwake. Chomoa waya wa matundu hayo kwenye madabodi, jaribu tena. Tiba hii haina gharama, na nimeona mashini zilizohukumiwa kifo zikifufuliwa nayo.

Ramu itoe, isugue meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, ipanguse kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka vishikizo vya pembeni vifunge vyenyewe. Jaribu kipande kimoja kimoja, kwenye kila nafasi. DDR, DDR2 na DDR3 haziingiliani, na mkato ulio chini ya ramu umewekwa kuzuia hilo, asiyelazimisha hatavunja.

Sikiliza pia. Mashini nyingi husema ugonjwa wao kwa milio au taa. HP Compaq za ofisini hupepesa taa nyekundu ya mbele pamoja na milio: mara mbili ni joto la prosesa, mara nne ni umeme, mara tano ni ramu, mara sita ni picha. Dell OptiPlex zina taa ndogo nne zenye namba au herufi, na mpangilio wake umeelezwa kwenye kitabu cha mashini. BIOS (programu ndogo inayoiamsha mashini) ya Award hutoa mlio mrefu mmoja na mifupi miwili picha inapokosekana. Kama hakuna mlio hata ramu yote ikiwa imetolewa, basi ama hakuna spika, ama madabodi au prosesa haijaamka kabisa, nawe rudi kwenye kapasita na volti.

Betri, kibodi, diski

Betri ya duara, CR2032, yenye volti 3, hulinda saa na mipangilio ya BIOS. Ikiisha, mashini husimama ikidai ubonyeze F1, na tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Baadhi ya tovuti hukataa kufunguka kwa sababu ya tarehe hiyo, na mtu akadhani intaneti imekatika. Badilisha betri, rekebisha tarehe, endelea. Ukikutana na nenosiri la BIOS kwenye kibodi ya Kifaransa, kumbuka kwamba BIOS nyingi za zamani huisoma kama ya Kiingereza: A huwa Q, Z huwa W, na mwenye nenosiri sahihi huonekana kama mwizi.

Maandishi yanayosema mfumo haukupatikana yasikutishe mara moja. Toa fleshi iliyosahaulika kwenye tundu, kagua waya za diski, angalia katika BIOS kama jina la diski linaonekana. Lisipoonekana baada ya kubadilisha waya na tundu, diski imeharibika. Ikigonga tak-tak-tak, izime. Kila dakika inayozunguka inakwangua kilichobaki. Ikionekana lakini Windows haifunguki, washa mashini kwa fleshi yenye mfumo mwepesi wa Linux, nakili faili zote nje, ndipo ufikirie kusakinisha upya. Windows XP iliachwa bila ulinzi tangu tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tangu 14 Januari 2020. Mashini ya namna hii ikirudi mezani, Linux nyepesi inaifaa kuliko mfumo ule wa zamani, hasa mahali ambapo fleshi za wateja huleta virusi kila saa.

Madabodi isiyoamka baada ya haya yote, yenye kapasita nzima, volti sahihi, ramu iliyojaribiwa na betri mpya, imekwisha. Mwambie mwenyewe waziwazi, usimle pesa ya majaribio zaidi. Pawa saplai yake, ramu, feni, diski na kapasita ziandike jina na uzihifadhi, kwa kuwa Kindu hizo ndizo ghala letu. Diski ihamishie kwenye kompyuta nyingine siku hiyo hiyo, na mwenye mali aondoke na faili zake mkononi. Na wewe ambaye mashini yako imewaka tena: kabla ya kuchapa ukurasa wa kwanza, nakili kazi zako kwenye fleshi mbili, moja ikae nyumbani, na uichomoe kompyuta ukutani kila umeme unapokatika.